Vipunje vya homeopathi kwa kijana anayetumia unga: ndani mna nini, na mzazi aelekee wapi

Kichupa ni kidogo, cha kioo cha kahawia, na ndani mna vipunje vyeupe vya sukari. Lebo inasema Nux vomica 30C; Nux vomica ni jina la mti. Huweza kuuzwa pamoja na kichupa cha pili cha matone, Avena sativa Q. Maelekezo ni vipunje vinne chini ya ulimi mara tatu kwa siku. Usiviguse kwa vidole, vimimine kwenye kizibo. Usinywe kahawa wala kupiga mswaki kwa dawa yenye mnanaa karibu na muda wa dozi. Mzazi anaambiwa kwamba kijana wake, mtu mzima wa miaka 25 au 30, atatulizwa arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, na kuacha unga (heroini). Mzazi aliyeshuhudia mtungi wa gesi, simu na mabati vikiuzwa kimoja kimoja atatoa hela yoyote anayoombwa.

Asitoe. Hapa tunaeleza kwa nini, na aelekee wapi.

Homeopathi ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796, kwa imani kwamba kitu kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo, kikipunguzwa mno. C ni kupunguza mara mia: tone moja katika matone 100, likatikiswa, tone la mchanganyiko huo likatiwa tena katika 100. 30C maana yake kazi hiyo imerudiwa mara 30. Ukishapita 12C, hesabu ya kemia inaonyesha kwamba huna tena hakika ya kubaki na hata molekuli moja ya ule mmea. Kwa hiyo kipunje cha 30C ni sukari. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti zilizokuwapo na halikupata ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathi inautibu. Mwaka 2017 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iliwataka madaktari wake waache kuiandika.

Vichupa vyenye namba ndogo, kama 1X (X ni kupunguza mara kumi), au herufi Q (dondoo la mmea ambalo halijapunguzwa), ni habari nyingine: humo dawa imo. Matone ya Q kwa kawaida yametengenezwa kwa pombe, na kumpa mtu anayepambana na ulevi matone ya pombe ni kumrudisha alikotoka. Mbegu za Nux vomica zenyewe zina strikinini, sumu inayoleta degedege. Na lebo si ya kuaminiwa kila mara: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba vidonge fulani vya homeopathi vya watoto wanaoota meno vilikutwa na beladona, mmea wenye sumu, ya viwango visivyolingana, vingine vikizidi sana kilichoandikwa.

Sasa, mbona kuna wazazi wanaoapa kwamba vilifanya kazi? Jibu liko kwenye kalenda ya arosto. Heroini ikikatika, dalili huanza baada ya saa 8 hadi 12 hivi: miayo, machozi, mafua, jasho, vinyweleo kusimama. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele: mifupa inauma, anaharisha, anatapika, halali. Kuanzia siku ya tano mambo hupungua yenyewe. Kichupa cha wiki moja kinapewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili.

Na siku hizo saba zikiisha ndipo hatari inapoanza. Mwili umeshasahau unga. Kijana akirudi maskani, kijiwe cha watumiaji, akatumia kiasi kile kile alichozoea, pumzi inaweza kukatika. Kwa hiyo kumwosha mtu arosto halafu kumwacha bila tiba kunaweza kumweka karibu zaidi na kifo kuliko alivyokuwa. Mkimkuta anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, haamki, midomo ina rangi ya bluu, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano: iteni msaada, mpulizieni pumzi ikiwa hapumui, akipumua mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali na mseme wazi kwamba ni unga, ili apewe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga mwilini. Msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa.

Huduma inayostahili sifa ni methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini na kuzuia arosto. Tanzania Bara ilianzia Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine. Zanzibar ipo, na Kenya ipo Nairobi na Pwani. Kliniki za serikali Tanzania huitoa bure. Njia ya kawaida ya kuingia ni kupitia asasi zinazofika maskani: wanamsajili, anahudhuria maandalizi, anapimwa mkojo, TB, VVU na homa ya ini. Anaanza na dozi ndogo, mara nyingi miligramu 15 hadi 30, kwa sababu methadoni hujilimbikiza mwilini na wiki mbili za mwanzo ndizo za kuchungwa zaidi. Hupandishwa polepole; wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Kwa kawaida anainywa mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo.

Kinachoharibu ni hiki. Akichanganya na pombe au valiamu, anaweza kuacha kupumua. Akianza dawa za TB zenye rifampisini, au nevirapini na efavirenzi za VVU, methadoni inachomwa haraka na arosto inarudi. Wazazi hudhani kijana anadanganya ili aongezewe, kumbe anasema kweli, na dozi inapaswa kupandishwa. Akikosa siku tatu au zaidi atapunguziwa, na hiyo si adhabu, ni kinga. Na msimharakishe kuacha. Tiba hii huenda miaka, na anayekatishwa mapema mara nyingi hurudi kwenye kete.

Methadoni ni ya heroini na jamii yake tu, haitibu bangi wala kokeini. Kwa mlevi wa pombe au valiamu wa muda mrefu, msijaribu kumkatisha ghafla nyumbani, iwe kwa vipunje au kwa maombi: kwa pombe, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili, na kuchanganyikiwa kunakoweza kuua kukafuata siku ya tatu au ya nne; kwa valiamu, degedege linaweza kuchelewa zaidi. Huyo ni wa hospitali.

Homeopathi ina kitu kimoja kizuri: mtaalamu wake humsikiliza mgonjwa hata saa nzima bila kumwita teja. Kliniki zenye foleni ndefu zijifunze hapo. Kijana aking'ang'ania vipunje vya 30C sambamba na methadoni, mwacheni, ilimradi mhudumu ajulishwe na kichupa cha Q kisiingie nyumbani. Msimtilie chochote kwenye chai kwa siri. Hela ya vichupa iwe nauli ya kwenda kliniki na kurudi, na miezi ya mwanzo aende na mtu badala ya kupewa taslimu mkononi.