Maua ya kamomili, duka la viungo Marikiti, Mombasa

Nyota nne. Haya ni maua mazima, si lile vumbi la vifuko vya supamaketi. Pasua kitovu cha njano kwa ukucha: kikiwa na uwazi ndani, ndiyo kamomili yenyewe ya Kijerumani. Yananukia tufaha. Mzee wa duka anasema yametoka Misri, nami sishangai, Fayoum wanayalima kwa wingi.

Kijiko kimoja, maji ya moto, funika dakika kumi. Usipofunika, mafuta yake yanapaa na mvuke. Tumbo langu la gesi hutulia. Usingizi? Kiasi, msitarajie miujiza. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza.

Nyota moja nimekata kwa ajili ya mbegu. Nilizimwaga juujuu bila kuzifukia, maana zinataka mwanga, na hakuna hata moja iliyoota.