Programu za marejeo kwa muswada wa jarida la tiba: ipi uchukue, ipi uiache

Muswada wa tiba ukikataliwa na jarida moja hupelekwa jingine, na hilo la pili huwa na masharti yake ya marejeo. Hapo ndipo thamani ya programu ya marejeo, ile inayohifadhi vyanzo vyako na kuvipanga ndani ya muswada, inapojulikana. Kupanga orodha safi mara ya kwanza karibu zote zinaweza. Kazi ni kuibadilisha orodha yenye marejeo 60 baada ya waandishi wenza kuhamisha aya, kufuta sentensi na kuchomeka vyanzo vipya katikati.

Itazame tofauti yenyewe. Majarida mengi ya tiba hufuata mtindo wa Vancouver, uliotokana na kikao cha wahariri mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Vyanzo hupewa nambari kwa mpangilio wa kutajwa, na orodha ya mwisho hufuata nambari hizo, si alfabeti. Makala iliyoko kurasa 284 hadi 287 huandikwa N Engl J Med. 2002;347(4):284-7, na waandishi wakizidi sita, kwa kawaida hutajwa sita wa kwanza kisha et al. (yaani, na wenzao). Sasa upeleke muswada huohuo JAMA, jarida la chama cha madaktari cha Marekani (AMA), wanaotumia mtindo wa AMA: kurasa ziandikwe kamili, 284-287, waandishi wakizidi sita watajwe watatu tu, nambari ndani ya matini zipandishwe juu ya mstari na zikae baada ya nukta au baada ya mkato. Kwa mkono hiyo ni kazi ya kukesha, na makosa hayakosekani.

1. Zotero

Hii naiweka ya kwanza bila kusita. Ni programu huria, ni ya bure, na ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Inafanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs. Unabandika PMID (nambari ya makala kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba) au DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni), nayo inaleta jina la jarida, juzuu, toleo na kurasa. Kuhama kutoka Vancouver kwenda AMA ni kuchagua mtindo mwingine kwenye mipangilio ya waraka, na matini yote pamoja na orodha vinabadilika papo hapo. Mitindo iliyopo inapita 10,000. Kwenye mipangilio hiyohiyo kuna kisanduku cha vifupisho vya majina ya majarida vya MEDLINE, hifadhidata ya majarida ya tiba. Kitie alama, maana wahariri wa tiba huvishika bango.

Kinachonifanya niipende zaidi ni jambo ambalo kwenye tiba linagusa uhai wa watu. Tangu 2019 inalinganisha maktaba yako, yaani marejeo uliyohifadhi humo, na hifadhidata ya Retraction Watch inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, na ikikuta makala iliyobatilishwa inakuonya. Ile makala ya The Lancet ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilibatilishwa 2010. Mwaka 2020 jarida hilohilo likachapisha makala ya hydroxychloroquine mwezi Mei, ikabatilishwa Juni. Aliyeihifadhi nakala yake katika zile wiki chache angeweza kuinukuu mwaka mzima baadaye bila kujua. Mwongozo wa wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, unamtwika mwandishi mwenyewe jukumu la kuhakikisha hanukuu makala iliyobatilishwa kana kwamba bado ni halali.

Upungufu wake ni hifadhi: faili za PDF zinapata MB 300 tu mtandaoni kabla ya kulipia. Lakini taarifa za marejeo zenyewe hazihesabiwi humo, na PDF unaweza kuziacha kwenye kompyuta yako.

2. EndNote

Ni ya kampuni ya Clarivate, na ni ya kulipia. Inafaa pale ambapo taasisi imeshanunua leseni na timu nzima inaitumia, hasa kwa mapitio ya kimfumo (yale yanayokusanya tafiti zote za swali moja) yenye maelfu ya makala, ambako zinazojirudia lazima zichujwe. Ukiwa peke yako, sioni sababu ya kutoa fedha. Ijaribu kwanza; wanatoa muda wa majaribio.

Mtego mmoja uujue mapema. Ukiandika World Health Organization kwenye nafasi ya mwandishi, EndNote inadhani ni mtu mwenye majina matatu, na orodha inatoka na Organization WH. Dawa ni kuweka mkato mwishoni mwa jina la taasisi. Kwenye Zotero unageuza sehemu ya mwandishi iwe ya jina moja badala ya mawili. Kosa hili limepenya hadi kwenye makala zilizochapishwa, na mhakiki akiliona anaanza kutilia shaka umakini wako hata kwenye takwimu.

Jambo jingine ni kutochanganya. Waraka mmoja, programu moja. Alama zilizowekwa na Zotero hazisomwi na EndNote, wala kinyume chake. Kama mwenzenu anatumia nyingine, aandike PMID kwenye maoni pembeni, na mtu mmoja aingize marejeo yote.

3. Mendeley

Ilinunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2013. Toleo la zamani la kompyuta, ambalo wengi tulilizoea, halipakuliwi tena tangu Septemba 2022. Jipya linatoa GB 2 bure, lakini nyenzo yake ya kunukuu ni ya Word. Mwenye LibreOffice hana chake. Kama maktaba yako imo humo na inakutosha, baki. Kuanza upya humo sikushauri.

4. Paperpile na JabRef

Paperpile ni ya kulipia kwa kipindi, na inawafaa wanaoandika kwenye Google Docs kuanzia mwanzo hadi mwisho. JabRef ni ya bure, kwa wanaoandika kwa LaTeX, mfumo wa kupanga nyaraka kwa amri za maandishi.

Za mwisho kabisa

Kwa barua fupi kwa mhariri yenye vyanzo vitano, tovuti ya ZoteroBib inatosha. Nyenzo ya marejeo iliyomo ndani ya Word iache, haikuja na mtindo wa Vancouver. Roboti za mazungumzo za akili mnemba usizipe kazi hii hata kidogo: zinaweza kukutungia rejeleo lenye jarida la kweli, mwaka na kurasa, ilhali makala yenyewe haipo duniani.

Unapokaribia kutuma

Hifadhi nakala mbili. Moja ibaki hai, yenye viunganishi vya programu, yaani zile alama zinazounganisha nambari za matini na maktaba yako. Nyingine ikate viunganishi iwe maandishi ya kawaida, na hiyo ndiyo utume. Viunganishi vilivyobaki huweza kuvurugika kwenye mfumo wa jarida.

Na majedwali yanataka jicho la pekee. ICMJE wanataka chanzo kilichotajwa ndani ya jedwali tu kipate nambari kulingana na mahali jedwali linapotajwa kwanza kwenye matini. Programu hazijui hilo. Zinahesabu kutoka juu kwenda chini ya faili, hivyo jedwali lililowekwa mwishoni linapewa nambari za mwisho. Unapoandika, liweke jedwali papo hapo baada ya aya inayolitaja. Ukishakata viunganishi kwenye ile nakala ya kutuma, ndipo ulihamishie mwisho wa muswada, na nambari zitabaki zilivyo.