TAHADHARI: Jamaa wa "asaimenti za mashine leni" (kuifundisha kompyuta ijifunze kutoka kwenye data) ni tapeli, amenila 45,000

Naandika mikono bado inatetemeka, mtanisamehe lugha.

Na asaimenti yenyewe, chekeni tu, ilikuwa ya kutambua wizi. Tulipewa ile data ya kadi za benki za Ulaya ya Septemba 2013: miamala 284,807, ya wizi humo ni 492 tu. Unaifundisha mashine itenganishe, huu muamala safi, huu wa wizi. Alama 30 za koswek, zile za kazi za muhula kabla ya mtihani. Nami nikaenda kumlipa mwizi anisaidie kukamata wezi.

Namba ya huyo jamaa nilipewa na mtu wa karibu, simtaji, naye hakujua. Nilimpigia saa tatu usiku. Sauti ya upole, "dada yangu usijali, hiyo kazi ndogo." Akauliza data ina safu ngapi, mwalimu anataka modeli gani, siku ya kuwasilisha lini. Tapeli gani anauliza hivyo? Kisha akatuma vois ya dakika nne kunieleza randomu foresti, modeli mojawapo ya kutenganisha hivyo: chukulia wazee wengi wa kijiji, kila mmoja kaona sehemu yake ya kesi, wanapiga kura, wengi wakisema ni wizi basi ni wizi. Wallahi nilimwelewa kuliko nilivyoelewa darasani muhula mzima. Hapo ndipo aliponipata. Status yake imejaa skrinshoti, "kaka umeniokoa", "kaka Mungu akubariki". Nikatuma 30,000. Jina likatokea la mwanamke. Akasema ni laini ya mke wake. Haya.

Kesho yake asubuhi: "Dada, data nzito, kompyuta inakwama, inabidi nikodi mashine yenye GPU. Ongeza 15." GPU ni chipu ya kuharakisha hesabu nzito. Bumu, pesa ya mkopo wa chuo, lililobaki lilikuwa 22,000. Nikatuma, nikabaki na 7,000 ya kula wiki nzima. Saa kumi jioni faili likaingia. Nashuka chini kabisa, nakuta usahihi 0.9983. Jamani, nilipiga magoti chumbani. Nikamwandikia shukrani ndefu yenye maua, ambayo bila shaka sasa iko kwenye status yake.

Ijumaa nikasimama mbele na shati langu la pasi. Lekchara akaangalia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Asilimia 99.83. Miamala ya majaribio ilikuwa mingapi?"
"56,962."
"Ya wizi humo?"
"98."
"Modeli yako imekamata mingapi?"

Nikaliangalia lile jedwali la mbili kwa mbili, linaloonyesha modeli imepatia mingapi na imekosea mingapi. Sifuri. Nikaangalia tena kana kwamba itabadilika. Sifuri. Mtu wa nyuma akacheka. Lekchara wala hakufoka, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Akaeleza taratibu kwamba ukisema kila muamala ni safi, bila kutazama chochote, kwenye data hii unapata 99.83 hiyohiyo. Ni mlinzi aliyelala getini mpaka asubuhi, kisha akaandika kwenye daftari "hakuna tukio". Akaniambia nipande hadi mistari ya mwanzo kabisa ya faili, nisome kwa sauti. Nikasoma:

from sklearn.dummy import DummyClassifier as RandomForestClassifier

Kwa wasiosoma mambo haya: hiyo DummyClassifier ni kitu cha kulinganishia tu, hakijifunzi lolote, kinarudia jibu la walio wengi. Yule bwana amekivalisha jina la randomu foresti na kuniuzia. Angeiandika ile ya kweli isingemgharimu hata mstari mmoja zaidi! Mtu aliyeeleza mfano wa wale wazee wa kijiji vile anajua kazi. Laiti angekuwa mjinga ningesamehe.

Nimepata 4 kati ya 30. Sapu, mtihani wa kurudia, inaninukia. Nilipompigia akasema, "Si ulitaka usahihi mkubwa, dada?" Akakata. Akaniblok.

Msianze na "ungefanya mwenyewe". Najua. Mama aliniambia hivyohivyo bila hata kujua GPU ni nini.

Basi, mkimkuta: anaongeza bei katikati ya kazi. GPU hakuna, data hii kompyuta ya kawaida inaimaliza, na Colab, huduma ya Google ya kuendeshea kodi mtandaoni, ni bure. Jina la mpokeaji si lake. Ndani ya faili kulikuwa na njia ya folda yenye jina la mwanafunzi mwingine kabisa, nililiona nikajitia sijaona. Halafu muulizeni modeli yake imekamata mingapi kati ya ile 98 ya wizi, msiulize asilimia. Wenzangu watatu wa mkondo wetu wamejitokeza baada ya Ijumaa, faili ni lilelile hadi makosa ya herufi.

Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi naenda Jumatatu, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na nataka imguse. Wamfungie laini zote, hata hiyo ya "mke". Wamweke ndani wampe zile 284,807 zilizochapishwa kwenye karatasi, azitenganishe kwa mkono, wizi huku, safi huku, na asile mpaka azipate zote 492.

Kabadilisha picha, sasa kaweka maua ya waridi. Mwenye namba yake mpya anitumie inbox.