Duka la stimpanki Mji Mkongwe: taa nunueni, miwani iacheni

Haya, wale mnaoniuliza kuhusu lile duka la vitu vya stimpanki kule vichochoroni nyuma ya mtaa wa Gizenga, mie nishafika, nendeni ila fungueni macho. Kwa asiyejua, stimpanki ni mtindo wa kuvaa na kupamba kama vile dunia imegoma kutoka kwenye mashine za mvuke, enzi za Malkia Victoria, 1837 mpaka 1901, shaba, ngozi, koseti za kubana kiuno, magurudumu ya meno, saa za mfukoni. Jina lenyewe la juzijuzi tu, K. W. Jeter mwandishi wa Marekani ndo kalitoa 1987.

Ilonimaliza ni taa ya mezani. Fundi kachukua matumbo ya saa mbovu ya ukutani kayafunga kwenye bomba la shaba, ukizungusha kile kigurudumu cha pembeni meno yote yanakwenda na mwanga unapanda taratibu, yani kitu kinafanya kazi kweli! Na ndo penyewe hapo, maana watu wa enzi zile walipenda urembo lakini vyombo vyao vilikuwa na kazi, hata saa ya mfukoni ilikuwa na sababu, treni haikungoji, Great Western Railway, kampuni ya reli ya Uingereza, ilianza kufuata saa ya London kwenye stesheni zake mwaka 1840, kabla yake kila mji na saa yake.

Sasa miwani. Jamani miwani! Ile ile ya kuchomelea, imepigwa rangi ya dhahabu, vigurudumu vimebandikwa gundi hata havigusani, elfu 60, kimoja kikadondoka mkononi mwangu sijalipa, kijana ananambia "dada, hiyo ya kupigia picha tu." Thubutu!

Vizibao vizuri, vina tundu la mnyororo wa saa, na juu ya kanzu vinakaa vyema tu, si vazi geni kwetu.

Ila ukutani wamejaza picha za London tupu, na hatua chache hapo ipo Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Sultan Barghash wa Zanzibar, 1883, nguzo za chuma, jengo la mwanzo hapa kwetu kuwa na umeme na lifti, na huyohuyo Barghash alikuwa na meli zake za moshi. Upande mmoja umeporomoka Disemba 2020 pamoja na mnara wa saa, basi hata picha moja hamna?

Taa walisema elfu 140, nimeichukua kwa 110, pesa mkononi. Ijumaa msiende kabla ya saa 9, wakishafunga kwa sala hawana haraka ya kurudi.