Programu ya maneno mfu ya Kiingereza: miezi minne, nyota tatu

Nina miezi minne na programu ya simu inayoniletea kila asubuhi neno moja la Kiingereza lililokufa au lililo mahututi, pamoja na maana yake. Nalipa shilingi elfu nane kwa mwezi. Mimi ni mfasiri, nikajiambia itanifaa kazini. Kazini haijanifaa hata kidogo, tena imenitia matatani. Lakini kuifuta nimeshindwa.

Wiki ya pili ilileta "groak", neno la Kiskoti: kumkodolea macho mtu anayekula, kimya kimya, ukitumaini atakukaribisha. Nililisoma nikiwa na chapati na maharage mezani, na kitinda mimba wangu, aliyekwisha kula zake, amesimama mlangoni anahesabu kila tonge. Sisi tuna doezi, ila doezi huvuta kiti akakaa. Huyu wa "groak" bado ana haya.

Siku nyingine likaja "apricity", joto la jua wakati wa baridi. Henry Cockeram aliliweka kwenye kamusi yake ya 1623, wenzake wakalipuuza. Mimi nimekulia Njombe. Julai asubuhi tulikuwa tunajipanga ukutani kuota jua kabla ya kengele, mikono kwapani, na aliyechelewa alibaki kwenye kivuli. Cockeram namwelewa vizuri sana.

Matata yalianzia kwa "overmorrow", yaani keshokutwa. Limo kwenye Biblia ya Miles Coverdale ya 1535, kisha likapotea, na leo Mwingereza hutumia maneno manne kusema jambo hilo, wakati sisi tuna keshokutwa, tuna mtondo, na mtondogoo juu yake. Kwa mbwembwe nikamwandikia mteja kwamba kazi ataipata "overmorrow". Akadhani nimekosea kuandika "tomorrow". Kesho yake saa tatu asubuhi simu inaita: kazi iko wapi? Cha mchana siku hiyo sikukiona. Programu haisemi lipi ni adimu tu na lipi limezikwa kabisa, na kwa anayelipia hilo ni kosa.

Kosa kubwa zaidi ni "dord". Imeniletea eti ni neno la kale la fizikia, maana yake densiti. Neno hilo halijawahi kuwapo! Mwaka 1931 mhariri wa kemia wa kamusi ya Webster aliandika kwenye kikaratasi "D or d", akimaanisha D kubwa au ndogo ni kifupisho cha densiti. Herufi zikaunganishwa, likachapishwa 1934 kama neno kamili, likaja kushtukiwa 1939. Nimewaandikia wenye programu. Wamenishukuru kwa maoni yangu, na "dord" bado limekaa palepale.

Halafu bila bando haifunguki, hata neno la jana hulioni.

Nyota tatu. Ya nne nitaongeza wakiliondoa hilo "dord", hata iwe mtondogoo.