Kigurudumu cha mishono bandia: "bonyeza kwa nguvu zaidi", eti

Nyota moja, na hiyo moja ni ya sindano.

Seti hii ni ya kupambia kadi za mkono kwa mishono bandia: kigurudumu chenye meno, sindano ya mpini, kiolezo cha plastiki na mkeka wa sponji. Kigurudumu kina kazi moja tu, kutoboa matundu yaliyoachana sawasawa kando ya kadi. Baada ya hapo unachora kistari kwa kalamu ya jeli nyeupe kutoka tundu hadi tundu, unaruka nafasi moja, unachora tena. Jicho linasadiki kuwa ni uzi. Ila mshono ukiyumba milimita moja tu, kadi inaonekana imeshonwa na mlevi.

Changu kinayumba. Riveti inayokishika haijabana, kwa hiyo kinacheza huku na huku. Hata rula ya chuma haikizuii. Halafu jino moja limelala. Meno ni 12, matundu yanaachana milimita 5, basi kila baada ya milimita 60 linatokea tundu hafifu lisiloshika hata ncha ya kalamu. Ukiona tundu baya linajirudia kwa umbali uleule, usilaumu mkono wako. Hesabu meno.

Wauzaji nikawatumia picha, wiki kadhaa sasa. Jibu lao: "Bonyeza kwa nguvu zaidi." Bonyeza! Kwenye manila ya gramu 250, ukikandamiza kigurudumu kinachocheza, meno yanaingia kiubavu na tundu linageuka mpasuko. Aliyeandika vile sidhani kama amewahi kutoboa hata bahasha.

Dawa ipo, nakiri. Ingiza kipande cha karatasi ya kawaida kati ya gurudumu na mkono wake, bana riveti kwa koleo, kisha chomoa karatasi. Uwazi unaobaki unatosha kuzunguka bila kuyumba. Jino lililolala halinyooki, ukilazimisha linakatika. Lakini kwa nini mnunuzi ndiye ageuke fundi?

Sindano na kiolezo, hapo siwezi kusema uongo, ni vizuri sana. Kwa kadi ya A6 (robo ya A4) kata kipande cha kubandika juu yake, milimita 95 kwa 135, na upitishe mshono milimita 5 kutoka ukingoni. Pande zinabaki 85 na 125, yaani nafasi 17 na 25. Zote ni witiri, kwa hiyo kila upande unaanza na kuisha kwa mshono, na kona zote zinafungika. Nafasi zikiwa shufwa, mwisho wa upande unabaki mtupu na hakuna rangi itakayouficha.

Toboa kutoka mbele, vinundu vibaki nyuma. Kalamu ianzie pembeni kidogo mwa tundu. Ikizama ndani inazoa nyuzi za karatasi, inaziba, halafu inatema donge. Karatasi ya kung'aa iepuke, wino unakaa juu juu na kufutika kwa kidole. Ukipenda mshono uonekane umeinuka, pitisha kivuli cha penseli laini chini yake, upande mmoja tu. Kubandika kuwe mwisho kabisa, tena kwa tepu ya pande mbili mbali na mshono, maana gundi ya maji hupenya matunduni na kuacha madoa mbele.

Mkeka ni mwembamba, sindano inagonga meza. Ukunje mara mbili, yameisha.

Kwa hiyo nilikuwa nabadilisha niweke nyota tatu. Nikaufungua tena ule ujumbe wa "bonyeza kwa nguvu zaidi".

Mbili.