Kitini cha aljebra cha darasa la sita: kizuri, ila anzeni ukurasa wa 14

Kitini hiki cha kurudufu, kurasa 32, kinapatikana kwenye steshenari nyingi za Mbagala na Temeke kwa shilingi 3,000. Mwanzo wake ni mzuri. Swali la kwanza ni 8 + 4 = __ + 5, na wengi hujaza 12 kwa sababu alama ya sawasawa wameizoea kama amri ya "andika jibu". Jibu ni 7: pande mbili lazima zilingane.

Tatizo ni ukurasa wa 3, wenye kanuni ya "ikivuka, badili alama": namba ikihamia upande wa pili wa alama ya sawasawa, kujumlisha huwa kutoa. Mpe mtoto 3x + 5 = 20. Tano inavuka, 3x = 15, safi. Kisha 3 nayo inavuka na kuwa kutoa: x = 15 − 3 = 12. Hakiki: 3 × 12 + 5 ni 41. Ile 3 imezidishwa, haikujumlishwa, na kanuni haimwambii hilo. Dawa ipo ukurasa wa 14, penye mizani ya mawe kama ya duka la Mangi: toa 5 pande zote, gawanya kwa 3 pande zote, x = 5. Sijui kwa nini imefichwa huko.

Kosa la pili ni kuandika "m ni embe, c ni chungwa". Hapo ndipo inapozaliwa 3m + 2c = 5mc. Futeni, muandike m ni bei ya embe moja. Embe likiwa shilingi 500 na chungwa 200, 3m + 2c ni 1,900. 5mc ni 500,000. Hata Masaki hakuna wa kulipa hiyo.

Zoezi la kuweka thamani linahitaji msaada. a ikiwa 3, 4a huandikwa 43, maana kwenye namba za kawaida tarakimu zikikaa pamoja hazizidishwi. Mwambieni aandike 4 × a kwanza. MAGAZIJUTO (mpangilio wa matendo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) imeelezwa vya kutosha.

Kwenye mafumbo, "toa 4 kutoka n" huwa 4 − n kwa sababu mtoto anafuata mpangilio wa maneno. Jaribuni kwanza n ikiwa 10: ni 10 − 4, hivyo n − 4.

Majibu yako nyuma, bila njia. Na kabla ya kulipa kagueni nakala: wino ukififia alama ya kutoa hupotea, na x haitofautiani na ya kuzidisha.